Mtihani wa Lugha ya Mama

Jumamosi asubuhi, chumba cha kusubiria mitihani katika chuo kimoja cha upande wa magharibi wa San Antonio hujaa watu ambao umri wa kukalia dawati umewapita zamani. Wamo wauguzi waliotoka zamu na sare zao mwilini, wanajeshi walionyoa kana kwamba wanakaguliwa, bibi mwenye mkongojo, dereva wa lori anayenong'ona tarehe za vita kama anasali. Kila mmoja ana jambo alilojifunza mwenyewe, jikoni au kambini au ndani ya gari lake wakati wa mapumziko, na amekuja kukaa mbele ya kompyuta imwambie kama analijua au halijui. Ikikubali, chuo kinamwandikia krediti za shahada zilezile ambazo kijana wa miaka ishirini huzipata kwa kukaa darasani muhula mzima. Nimeishi mji huu miaka mingi, na bado nikipita mlangoni pale napunguza mwendo niwatazame. Hakuna anayeulizwa alijifunzia wapi.

Siku hiyo foleni nzima ilisimama kwa sababu ya bangili moja.

Mwenye bangili aliitwa Delfina. Alikuwa anakaribia arobaini, mfupi, nywele nyeusi amezifunga kwa utepe, gauni la manjano limemkaa vizuri na yeye anajua. Alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi, darasa la watoto wanaofundishwa kwa Kiingereza na Kihispania. Hereni alishazivua, saa alishaivua, mifuko alishaigeuza nje. Bangili ya fedha ndiyo ilimshinda.

"Haitoki, Bi Odom. Nimelala nayo tangu nikiwa msichana."

"Basi huingii, mwanangu," akasema msimamizi, mama mnene mwenye miwani ya kamba. "Jana nimemzuia mtu kwa sababu ya leso. Nikikuachia wewe nitamwambia nini Mungu?"

Nyuma yake kulikuwa na mwanamume mmoja mrefu, mweusi, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina mikunjo miwili iliyonyooka kama rula, buti zinang'aa. Akatoa chupa ndogo ya losheni mfukoni.

"Nipe mkono."

"Hata jina lako silijui."

"Lemuel. Ni fundi wa lifti. Kazi yangu ni kutoa watu waliokwama, sembuse bangili."

"Na ukinivunja kidole nitaandikia nini?"

"Mtihani wenyewe ni wa kubofya, bibie. Utatumia kidole kingine."

Foleni ikacheka. Alimpaka losheni taratibu, akakusanya vidole vyake pamoja, akazungusha bangili mara moja, ikatoka. Lakini mkono hakuuachia upesi, na mwenye mkono hakuudai upesi. Bi Odom ilibidi akohoe.

"Unafanya mtihani gani?" Delfina akauliza, huku uso umemwiva.

"Hesabu. Hesabu za juu. Na wewe?"

"Biolojia. Niombee."

Mmoja akaitwa chumba hiki, mwingine kile. Delfina alipotoka alikuwa amefaulu, na Lemuel alikuwa benchi la nje na bangili kiganjani. Yeye alikuwa amefeli. Alilisema hilo kama mtu anayesema leo kuna mawingu, halafu akamwalika kwa kahawa.

Ndivyo ilivyoanza. Lemuel alikuwa sajenti mstaafu, mjane, mtu wa Louisiana aliyeletwa mjini hapa na jeshi akabaki. Shahada yake alikwisha kuipata zamani, nusu yake kwa mitihani ya namna hiihii aliyoifanya kambini. Delfina yeye alikuwa bado njiani. Aliacha chuo baba yake alipofariki, akaingia shuleni kama msaidizi, na akabaki msaidizi wakati walimu wanakuja na kuondoka huku yeye ndiye anayewaonyesha choo cha watoto kiko wapi. Mwaka huo mwalimu wa darasa lake alikuwa anastaafu. Mkuu wa shule alimwita ofisini akamwambia waziwazi: "Darasa ni lako. Lakini sheria hainiruhusu kumwajiri mtu asiye na shahada. Nitakusubiri mpaka Agosti. Baada ya hapo nitaajiri mwingine, na utamsaidia huyo."

Kwa hiyo alisoma. Alisoma akikoroga maharage, alisoma akisubiri nguo zikauke. Na jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba masomo yalimshika roho. Jioni moja alimpigia Lemuel simu.

"Sajenti, unajua kwamba damu yako ina chuma?"

"Najua, kipenzi. Mimi ni fundi."

"Chuma hicho kilitengenezwa ndani ya nyota, kabla dunia haijakuwepo. Nyota ikafa, ikapasuka, chuma kikatawanyika, na sasa kiko ndani yangu. Nimejikata kidole na kisu cha vitunguu, Lemuel. Nimesimama hapa nakitazama."

"Umefunga kidonda?"

"Bado. Nakitazama kwanza."

Miaka yote ya utu uzima wake Lemuel alidhani watu husoma ili wapandishwe cheo. Hakuwahi kumsikia mtu aliyesimama jikoni kwa heshima mbele ya damu yake mwenyewe. Usiku ule alijua kwamba amempenda mwanamke huyu, na akaogopa kama kijana.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo alivyokuwa amezoea kumwita hata kabla hajawa. "Funga kidole. Nakuja na bandeji."

"Njoo na aiskrimu. Bandeji ninazo."

Mama yake Delfina, Bi Hortensia, alimpokea mgeni kwa Kiingereza chake cha tahadhari, akamtazama kuanzia buti mpaka ndevu, akamwekea sahani. Kwa watu wa nyumba ile hakuna cheti kikubwa kuliko sahani. Jumapili zilizofuata wote watatu walikula nyama ya kichwa cha ng'ombe na soda nyekundu, kama tunavyokula upande wetu huu baada ya misa, na Lemuel alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa.

Delfina alifaulu historia. Alifaulu saikolojia. Ilibaki aljebra, ambayo ingemkamilishia krediti zake, na Lemuel ndiye aliyemfundisha, kwa subira, akichora mizani kwenye leso za karatasi. Delfina alikuwa akijiuliza mtu anayejua hesabu namna hii anafelije mtihani wa hesabu, tena si mara moja. Alipomwuliza, Lemuel alisema hesabu ni bahari, akabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa Juni akafanya aljebra, akafeli.

Kufeli kwenyewe si msiba. Msiba ni kwamba mtihani ukifeli huruhusiwi kuurudia mpaka miezi mitatu ipite, na miezi mitatu ilikuwa inavuka Agosti. Walikaa kwenye meza ya plastiki nje ya duka la taco, zile chapati za Kimeksiko zinazokunjiwa nyama, asubuhi ya joto kali, Delfina macho mekundu, Lemuel anazungusha kikombe.

"Chuo kinataka krediti, hakijali za somo gani," akasema Lemuel. "Fanya Kihispania."

"Hapana."

"Delfina, unakizungumza usingizini. Mimi shahidi, ulilala kwenye kochi ukamgombeza mtoto wa darasani kwako."

"Nimesema hapana, Lemuel."

"Sielewi. Watu wanasoma miaka wakipate, wewe umezaliwa nacho. Ni krediti za bure hizo! Ziko chini, unainama unaziokota."

Ulimi hauna mfupa. Lilipotoka neno lile Lemuel mwenyewe aliona uso wa mwenzake unabadilika, lakini lilishatoka.

"Za bure," Delfina akarudia, polepole.

"Nilikuwa na maana..."

"Mama yangu alikuwa na miaka sita. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kihispania, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Mwalimu akamzaba kibao mbele ya darasa, akajikojolea hapohapo. Mpaka leo ukikutana naye dukani anakujibu Kiingereza, hata kama wewe ni shangazi yake. Hiyo ndiyo bure yako?"

"Sikujua, mpenzi."

"Hukuuliza! Na nikikifeli? Nimefeli hesabu, sawa, nimefeli hesabu, haikuwa yangu. Nikifeli Kihispania nimemfeli yeye. Kompyuta itaniambia kwamba hata kile alichopigiwa sina." Akainuka, akachukua mkoba. "Usinipigie."

Lemuel alipiga. Alipiga jioni, akapiga kesho yake wakati wa chakula cha mchana, akaacha ujumbe wa sauti: "Delfina, kuna jambo sijakwambia, nataka kukwambia usoni." Delfina aliusikiliza, moyo ukamwuma, akaufuta. Aliposikia "kuna jambo sijakwambia" aliwaza kama wengi wetu tungewaza: ana mwanamke mwingine. Akajifungia chumbani na vitabu ambavyo hasomi, na Agosti inakuja na miguu yake.

Jumapili ikafika, nyama mezani, kiti kimoja kitupu. Bi Hortensia akauliza kwa Kihispania, maana nyumbani mlango ukishafungwa ndicho kilichotawala:

"Yuko wapi mwoshaji wangu?"

"Tumegombana, Mama."

"Kwa sababu?"

Delfina hakutaka kusema, akasema. Mtihani, krediti, neno la bure, yote. Alitegemea mama yake akasirike pamoja naye. Bi Hortensia akaweka uma chini.

"Ngoja. Kuna mtihani wa Kihispania?"

"Upo."

"Na ukikijua, chuo kinakupa kitu?"

"Kinanipa krediti, Mama. Nyingi kuliko za aljebra."

"Chuo cha Wamarekani."

"Ndiyo."

Bi Hortensia akasukuma sahani kando. Mikono yake, iliyofua mashuka ya hoteli miaka thelathini, ilikuwa imetulia juu ya meza kama haijui la kufanya.

"Nilipigwa kwa ajili ya Kihispania," akasema. "Sijawahi hata siku moja kusikia mtu amepewa kitu kwa ajili yake. Na wewe unakataa? Kwa niaba yangu? Nani kakutuma?" Akainuka kuondoa sahani. "Nenda ukafanye. Nami nakuja. Nataka kuona mahali penyewe."

Jumamosi ya mtihani Bi Hortensia alivaa gauni lake la buluu la Pasaka, kitambaa cha shingoni, na viatu vinavyombana. Alikaa benchi la ukumbini wima kabisa, mkoba magotini. Delfina aligeuza mifuko yake nje mbele ya Bi Odom, akaonyesha miwani yake, akakunja mikono ya blauzi, akaingia.

Akaona mgongo anaoujua. Safu mbili mbele, shati la pasi, shingo iliyonyolewa vizuri. Akashika ukingo wa kiti. Halafu akaona jambo jingine, akasahau hata kukasirika. Lemuel alikuwa amevaa vifaa vya masikioni.

Katika chumba kile watu huvua kila kitu, hawavai kitu. Wanaofanya hesabu hawasikilizi chochote. Wanaofanya historia hawasikilizi chochote. Vifaa vile hupewa wanaofanya mtihani wa lugha peke yao. Bi Odom alikuwa amekuja na vingine mkononi, akamvalisha Delfina kama anavyovalishwa mtoto kofia, na Delfina akakaa pale akitazama kisogo cha mtu aliyemwambia kwamba anafanya hesabu.

Muda ukaanza. Sauti ya mwanamke ikamwingia masikioni, laini, yenye heshima, ikimwuliza kwa Kihispania treni ya mchana inaondoka saa ngapi.

Delfina akaziba mdomo. Alijua kwamba ni sauti iliyorekodiwa. Alijua kwamba hakuna treni. Lakini alikuwa ndani ya shule, ndani ya jengo la serikali lenye bendera mlangoni, na shule ilikuwa inamsemesha Kihispania kwa upole na kungoja jibu lake. Machozi yakashuka, akayaacha yashuke, akabofya. Swali likaja, akajibu. Jingine, akajibu. Walizungumza watu wa soko, wa posta, wa hospitali, mume na mke wanaobishana juu ya funguo, na wote aliwajua, ni majirani zake, ni shangazi zake. Yalikuja maneno magumu ya magazetini ambayo hakuna aliyemfundisha, na kumbe alikuwa ameyaokota mahali, kwenye redio ya mama, kwenye barua za bibi, kwenye mahubiri. Alistaajabu jinsi alivyo na mali nyingi. Mtu anakaa miaka yote hiyo katika nyumba, hajawahi kuingia chumba cha nyuma, siku moja anafungua mlango na kukuta kimejaa.

Mwishoni kompyuta ikamwuliza kama inavyowauliza wote: unataka kuona alama zako, au uzifute zisionekane milele? Akifuta, hatajua kamwe, na asiyejua hajafeli. Safu mbili mbele, Lemuel alikuwa ameshaondoka; kiti kilikuwa kitupu. Delfina akafumba macho, akasema jina la mama yake, akabofya.

Huko nje Lemuel alitoka akiwa hana hili wala lile, akamkuta Bi Hortensia benchini. Wote wawili wakashtuka.

"Wewe," akasema Bi Hortensia kwa Kiingereza. "Kaa."

Sajenti akakaa.

"Hesabu zilikuwaje?"

"Si hesabu, Mama." Akatazama buti zake. "Ni Kifaransa. Siku zote kilikuwa Kifaransa."

"Cha nini? Shahada unayo."

"Bibi yangu alikizungumza, kule kwetu Louisiana, Opelousas. Yeye na dada yake, jikoni, wanacheka mpaka wanashikana. Sisi watoto tukiingia, kimya. Shuleni walimpigisha magoti juu ya punje za mahindi kwa sababu ya Kifaransa hicho, akaapa hakuna mtoto wake atakayepiga magoti. Akatulinda vizuri sana. Alipokuwa anakufa Kiingereza kilimtoka chote. Alizungumza siku nzima, mkono wangu ameushika, na sikuelewa hata neno. Najifunza tangu siku ile. Nafeli. Nilipomwambia Delfina chake ni cha bure... ilikuwa wivu, Mama. Nilimwonea wivu mtoto wako mbele ya duka la taco."

Bi Hortensia alimsogelea. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Lemuel na kukiacha pale, na ndivyo Delfina alivyowakuta mlango ulipofunguka.

Alisimama mbele yao. Blauzi imelowa kifuani kwa machozi, nywele zimefumuka, na mimi nakwambia hakupata kupendeza kama siku ile.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

Delfina akapiga magoti ili macho yao yakutane.

"Umefaulu, Mama."

"Mimi?"

"Wewe. Alama karibu zote. Wamenipa krediti zote, na nyingine juu."

Bi Hortensia akainuka. Halafu, katikati ya ukumbi ule, mbele ya Bi Odom, mbele ya wanajeshi na wauguzi na watu wasiomhusu, akasema kwa sauti kamili, kwa Kihispania, kwamba anamshukuru Mungu na kwamba viatu vinamuua. Hakuna aliyegeuka kumkanya. Kijana mmoja wa jeshi akajibu kwa lugha hiyohiyo, "Pole, bibi, vivue tu," naye akavivua.

Delfina akamgeukia Lemuel, bado amepiga magoti.

"Nimesikia kupitia mlango nusu ya uliyomwambia. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Unafundisha watoto lugha mbili. Mimi mtu mzima nimeshindwa moja. Niliona haya."

"Na leo?"

"Nimefeli tena. Kidogo kuliko mara ile." Akajaribu kutabasamu. "Miezi mitatu."

"Miezi mitatu," Delfina akasema. "Miezi mitatu inatosha kutafuta ukumbi, kushona gauni na kuwagombanisha ndugu zangu juu ya muziki."

"Unasema nini, mwalimu?"

"Nasema unioe, Sajenti. Nimechoka kukungoja uniulize."

Lemuel aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alimtazama Delfina kama Delfina mwenyewe alivyoitazama damu yake jikoni siku ile, kisha akakumbuka adabu alizolelewa nazo, akamgeukia mama. Alitaka kumwomba binti yake kwa lugha yake. Alikusanya maneno machache aliyoyaokota akiosha vyombo, akayapanga, akayatoa. Yalitoka yamepinda yote: kitenzi huku, mtenda kule, na ombi lenyewe limekatika katikati. Akasikia mwenyewe jinsi yalivyopinda, akainamisha kichwa kama mtu anayengoja adhabu.

Bi Hortensia, pekupeku, akamkaribia. Akainua mkono na kuuweka shavuni pake, taratibu.

"Kwetu ukikosea hupigwi," akamwambia kwa Kihispania, neno moja moja, ili aelewe. "Sema tena."